Mfuko wa Pamoja wa Afya Tanzania: fedha ya wafadhili ilivyofikishwa kwenye akaunti ya zahanati

Mtungi wa gesi unaoendesha jokofu la chanjo ukiisha katika zahanati ya kijijini, mganga mfawidhi ana saa chache tu. Atahamishia chanjo kwenye kasha la baridi lenye vipande vya barafu, kisha atafute mtungi mwingine. Nani analipa? Kwa karibu miaka kumi na minane Tanzania ilikuwa na fedha ya kulipia mtungi huo, imeshatolewa na mfadhili na kupitishwa na Bunge. Ila ilikuwa imelala kwenye akaunti ya halmashauri, safari ya nusu siku kutoka lilipo jokofu, ikisubiri dokezo lipande, vocha iandikwe na gari lipatikane.

Kisa tunachokichambua ni cha Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao maofisini huitwa "basketi". Ulianza mwaka 1999, na katika mwaka wa fedha 2017/18 ukabadilishwa ili fedha iende moja kwa moja vituoni. Tunaushika mfuko huu kwa sababu unaonyesha uratibu wa misaada unapofanyikia hasa. Mikutano ya wadau ni mingi na chai yake ni nzuri, lakini mambo huamuliwa na vitu vinne vikavu: mpango wa nani, akaunti ya nani, ripoti ya nani na mkaguzi wa nani. Kila palipobaki nyaraka mbili za kazi moja, pamebaki mabosi wawili.

Kila mfadhili na himaya yake

Katika miaka ya 1980 na 1990 msaada wa afya ulikuja kwa vipande. Mfadhili alichagua mkoa au ugonjwa, akaleta mtaalamu, magari, fomu na namna yake ya kulipa posho. Dawa ni mfano mzuri. Kwa msaada wa Denmark, zahanati zilipelekewa masanduku ya dawa muhimu yaliyofungwa tayari. Kwa wakati ule yaliokoa maisha ya watu. Tatizo ni kwamba sanduku la zahanati lilikuwa lilelile, iwe zahanati inaona wagonjwa 20 kwa siku au 80, iwe pwani yenye malaria nyingi au nyanda za juu zenye vichomi. Baada ya miezi kadhaa kituo kilijikuta na rafu iliyojaa dawa isiyohitajiwa na mtu na rafu tupu ya dawa inayoulizwa kila asubuhi. Ilichukua miaka mingi kuhamia utaratibu wa kituo kuagiza chenyewe kinachokihitaji.

Mwishoni mwa 1994 uhusiano wa Serikali na wafadhili uliharibika vibaya, hasa kwa sababu ya misamaha ya kodi na ukusanyaji wa mapato, na baadhi wakasimamisha misaada. Kundi la washauri huru chini ya Profesa Gerald Helleiner wa Kanada liliitwa kuutazama uhusiano huo, na ripoti yao ya 1995 ilizikosoa pande zote mbili: Serikali kwa kulegea, wafadhili kwa kuendesha mambo ambayo hayakuwa yao. Mazungumzo ya kuichukulia sekta ya afya kama kazi moja yenye mpango mmoja na bajeti moja yalikua katika hali hiyo.

Jaribio moja lilisaidia kuwashawishi wenye shaka. Katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, mradi wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada ulizipa timu za afya za wilaya fedha ya nyongeza na zana za kulinganisha bajeti na magonjwa yanayoua watu. Morogoro ilionekana kwamba malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 hivi ya bajeti. Wilaya ziliruhusiwa kutumia hadi dola 2 kwa kila mkazi. Hazikuweza kuzimaliza, ziliweza kutumia vizuri kiasi kisichozidi dola moja. Hata hivyo vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka kama mitano. Wasimamizi wengi husahau kwamba timu zile zilifikia kikomo cha matumizi kabla fedha haijaisha.

Jinsi mfuko unavyofanya kazi

Wafadhili waliosaini hati ya makubaliano huweka fedha zao kwenye akaunti ya fedha za kigeni Benki Kuu. Zikitoka hapo hubadilishwa kuwa shilingi na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Kuanzia hapo ni fedha ya Serikali: imo kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge, hutolewa na Hazina, na hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hakuna awezaye kuinua noti na kusema hii ni ya Denmark, ile ya Uswisi. Denmark, Uswisi na Ireland ni miongoni mwa waliodumu. Benki ya Dunia, Kanada, UNICEF na UNFPA nao wamewahi kuwamo. Uholanzi na Norwei waliingia, baadaye wakatoka.

Upande wa Serikali wenyewe una vichwa vitatu, na hapo uratibu huanza kuvuja hata kabla mgeni hajaingia chumbani. Wizara ya Afya inaandika sera na miongozo. TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, inasimamia halmashauri, ambako ndiko ziliko zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Wizara ya Fedha inashika ufunguo. Mwongozo ukitoka Afya bila TAMISEMI kuutuma kwa wakurugenzi, kwa halmashauri haujatoka.

Mwanzoni mgao kwa halmashauri ulikuwa nusu dola kwa kila mkazi kwa mwaka, ukapanda baadaye. Kugawa kwa vichwa pekee kuliziumiza wilaya pana zenye watu wachache, na mwaka 2004 kanuni ya vigezo vinne ikashika nafasi: idadi ya watu asilimia 70, umaskini asilimia 10, vifo vya watoto chini ya miaka mitano asilimia 10, na urefu wa njia za gari la afya asilimia 10.

Tufanye hesabu ya mfano. Fungu la nchi liwe shilingi 100. Halmashauri fulani ina asilimia 2 ya watu wa nchi, asilimia 3 ya maskini, asilimia 2.5 ya uzito wa vifo vya watoto na asilimia 4 ya njia za gari. Kwa watu itapata 1.40, kwa umaskini 0.30, kwa vifo 0.25 na kwa njia 0.40. Jumla 2.35, badala ya 2.00 ambayo ingepata kwa vichwa peke yake. Nyongeza hiyo ya karibu asilimia 18 ndiyo mafuta ya kufika vijiji vya mwisho. Kasoro ya kanuni ni takwimu zake: wilaya ikigawanywa kuwa mbili, au sensa ikizeeka, mgao unaendelea kufuata watu walioko kwenye karatasi.

Mpango wenyewe huandikwa na halmashauri kila mwaka na huitwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Ndani yake kuna jedwali moja la thamani kuliko kurasa zote za utangulizi: jedwali la vyanzo. Safu zake huonyesha ruzuku ya mishahara, ruzuku ya matumizi mengineyo (yasiyo mishahara), mapato ya ndani, Mfuko wa Pamoja, dawa zinazopokewa kama vitu, bima, malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa, na miradi. Anayetaka kujua kama msaada unaongeza au unaziba pengo aliloliacha mwenye nyumba, yaani Serikali, achukue majedwali ya miaka mitatu mfululizo na kuweka safu mbili kando kwa kando: matumizi mengineyo na Mfuko wa Pamoja. Ya pili ikipanda huku ya kwanza ikishuka, fedha ya mfadhili imekuwa mbadala. Na hakuna aliyevunja sheria. Mtu wa bajeti aliona afya "ina chanzo chake" akalipeleka fungu kwingine.

Kalenda mbili

Fedha ya basketi hutolewa kwa robo mwaka. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mwongozo wa bajeti hutolewa miezi kadhaa kabla, halmashauri hukamilisha mipango mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, na Bunge hujadili kuanzia Aprili hadi Juni. Wafadhili wengi wana mwaka unaoanza Januari na mabunge yao wenyewe. Kwa hiyo halmashauri inapoulizwa ukomo wake wa bajeti, mfadhili mara nyingi bado hana jibu la uhakika. Kinachowekwa ni makadirio, na makadirio hugeuka ahadi machoni pa mganga mfawidhi.

Robo ngumu kuliko zote ni ya kwanza, Julai hadi Septemba. Ili fedha itoke inatakiwa ripoti ya mwaka uliopita, ya kazi na ya fedha. Ripoti ya kituo huenda halmashauri, ya halmashauri huenda mkoa, ya mkoa TAMISEMI, kisha Wizara, kisha kamati ya mfuko. Ripoti ya nchi ni jumla ya vipande, na jumla haikamiliki hadi kipande cha mwisho kifike. Hapo fedha ya Julai huingia robo ya pili, ya robo ya pili huingia ya tatu, na ya mwisho huingia mwaka ukikaribia kufungwa. Chini ya Sheria ya Bajeti ya 2015 huwezi kulibeba tu salio lako kuvuka Juni 30 bila kibali. Matokeo yanatabirika: Mei na Juni ni miezi ya semina. Mtu anayesoma ripoti hizo kutoka mbali huona halmashauri "zinashindwa kutumia fedha", na mwaka unaofuata hupunguza.

Dawa ya hili inajulikana na si ghali. Toa fedha ya robo ya kwanza kwa kigezo cha ripoti ya robo ya tatu ya mwaka uliotangulia, ambayo inakuwa imeshafungwa tangu Aprili, na ripoti ya mwaka itumike kwa robo ya pili. Halmashauri iliyochelewa ishikiliwe yenyewe, majirani wasifungwe nayo. Kinachozuia ni kwamba mfadhili hutaka uhakika kabla ya fedha na Hazina hutaka fedha kabla ya uhakika.

Mageuzi ya 2017/18

Mfumo wa malipo kwa ufanisi, ulioanza 2015 katika wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga na kuenezwa mikoa mingine, ulikuwa umeshaonyesha kitu: zahanati ikipewa akaunti yake na uhuru kiasi, inanunua vitasa, inapaka rangi wodi, inajaza pengo la dawa, na hailemewi na hesabu. Hivyo katika mwaka wa fedha 2017/18 mgao wa vituo kutoka Mfuko wa Pamoja ukaanza kutoka Hazina kwenda kwenye akaunti za benki za vituo vyenyewe, vikiwa maelfu. Vilihitajika vitu vinne kwa pamoja: kila kituo kiwe na akaunti na namba ya utambulisho, kiwe na mpango wake ndani ya PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, kiwe na daftari la hesabu la FFARS, la karatasi au la kompyuta, na kiwe na kamati ya usimamizi iliyochaguliwa kihalali na iliyo hai. Wahasibu wasaidizi waliajiriwa kwenye vituo vya afya, kila mmoja akihudumia pia zahanati zinazokizunguka kituo.

Turudi kwenye mtungi wa gesi, tuone njia mpya kwa karibu. Tuseme zahanati imepokea shilingi 2,400,000 kwa robo, na mpango wake umetenga theluthi kwa dawa na vifaa tiba, yaani 800,000. Kazi ya kutunza chanjo imetengewa 180,000. Mganga mfawidhi huandika ombi, kamati hukaa na muhtasari hutiwa saini, hati ya ununuzi hutolewa kwa mwenye duka, mtungi huletwa na kukaguliwa, hati ya malipo huandaliwa ikitaja chanzo na namba ya kazi, watia saini wa makundi mawili husaini, malipo huenda, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) hubandikwa, na mwisho FFARS hujazwa. Hatua hizi zikienda vizuri ni siku mbili tatu. Zamani ilikuwa wiki, au mtungi haukuja kabisa.

Zisipoenda vizuri, kikwazo huwa kimoja kati ya hivi. Mwenye duka wa karibu hana mashine ya EFD, na malipo bila risiti hiyo ni hoja ya ukaguzi, kwa hiyo mganga hulazimika kwenda mjini, na nauli haiko kwenye mpango. Mtia saini mmoja amehamishwa, na benki inataka barua ya Mkurugenzi Mtendaji kumbadili. Akaunti inasimama mwezi mzima. Kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa, haikukatwa, nayo ni hoja. Au bei ya gesi imepanda, kifungu cha chanjo kimebaki na 40,000 ilhali kifungu cha usafi kina 200,000, na kuhamisha kati ya vifungu kunahitaji kibali cha halmashauri. Hili la mwisho ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa fedha sasa iko mlangoni na bado haigusiki. Halmashauri zilizoelewa huwaelekeza waganga waandike kazi pana wakati wa kupanga, kwa mfano "kutunza mnyororo baridi", ili gesi, vipuri na fundi viingie chini ya namba moja.

Lipo pia suala la mikono. Zahanati yenye watumishi wawili, mmoja akiwa likizo ya uzazi, haina muda wa hatua tisa. Mhasibu msaidizi akihudumia zahanati nyingi mno, hufika mara moja kwa mwezi na kujaza kumbukumbu za nyuma kwa kukisia. Fomu ikijazwa hivyo, FFARS inatoa ripoti nzuri sana ya mambo ambayo hayakutokea siku iliyoandikwa.

Kwa upande wa dawa, mageuzi yalikutana na mfumo wa Jazia, ulioanza mkoani Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima 2018. Kituo huagiza kwanza Bohari ya Dawa. Bohari ikithibitisha kwamba bidhaa haipo, oda ya kilichokosekana huenda kwa mzabuni mmoja aliyeshindanishwa na kuingia mkataba kwa mkoa mzima, kwa bei zilizokubaliwa. Kabla yake kila mganga alinunua kivyake, kwa bei ya siku hiyo na ubora wa bahati. Jazia inafanya kazi pale tu kituo kina fedha taslimu kwenye akaunti. Ndiyo maana mageuzi hayo mawili yalihitajiana.

Kilichobaki nje

Basketi haijawahi kubeba fedha yote ya nje. Fedha kubwa za UKIMWI, kifua kikuu na malaria zilikuja kuanzia miaka ya 2000 kupitia Mfuko wa Dunia na mipango ya Marekani, kwa njia ya kile watumishi wanachokiita miradi misonge: mstari mmoja kutoka makao makuu hadi kliniki, na bajeti, ghala, ripoti na hata dereva wake. Huwezi kukataa matokeo yake. Ila gharama yake kwa mfumo mkuu huwa haiandikwi popote.

Tazama ghala. Mfadhili anatoa dawa bure, na zinahesabiwa kama msaada kwa thamani yake yote. Kuzigomboa bandarini, kuzihifadhi na kuzisambaza hadi kijijini ni mzigo uliobaki kwa Serikali kupitia Bohari ya Dawa. Serikali isipolipa kwa wakati, Bohari inaendelea kusambaza maana huwezi kuacha dawa za watu zioze, na gharama hiyo inakula mtaji wa kununulia dawa za kawaida. Hivyo zahanati inaweza kuwa na vipimo vya malaria vya kutosha na ikakosa glovu, na hilo la pili limezaliwa na la kwanza. Deni la Serikali kwa Bohari lilipokuwa likitajwa kila mwaka bungeni, sehemu yake ilikuwa hii. Makubaliano yoyote ya dawa za msaada yanapaswa kuwa na mstari unaosema nani anagharimia kilomita ya mwisho, kwa kiasi gani, na lini.

Posho nazo zina maneno yake. Mradi ukilipa posho ya juu kuliko ya Serikali, ziara ya mradi hupata watu na usimamizi shirikishi wa halmashauri hukosa. Ukitazama ratiba ya timu ya afya ya halmashauri kwa robo moja, utaona wiki zimekatwa na semina za miradi tofauti, nyingine zikiwaita watu walewale siku zilezile. Wafadhili wameshakubaliana mara kadhaa kulinganisha viwango. Njia rahisi iliyowahi kusaidia ni Mganga Mkuu wa Halmashauri kukataa kutoa watumishi kwa shughuli yoyote isiyo kwenye Mpango Kabambe, na Mkurugenzi kumuunga mkono. Bila Mkurugenzi, daktari huyo huonekana mkorofi.

Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada likafungwa. Vituo vilivyokuwa na watoa huduma wa mkataba wa mradi waliopima, kushauri na kufuatilia wagonjwa wa UKIMWI vikajikuta na dawa lakini bila wa kuzitoa kwa kasi ya jana. Kwenye mipango mingi ya halmashauri, watu hao walikuwa wameandikwa kama mstari mmoja tu wenye jumla ya shilingi, au hawakuandikwa kabisa, kwa hiyo hata kuhesabu pengo kulianza kwa kupiga simu kituo hadi kituo. Halmashauri iliyokuwa imeidai miradi orodha ya watumishi kwa kituo, kada, mshahara na tarehe ya mwisho wa mkataba, ilikuwa na kitu cha kupeleka TAMISEMI wiki hiyohiyo. Orodha hiyo ina safu tano na inaingia kwenye karatasi moja, na mahali pake ni nyuma ya jedwali la vyanzo.